Mnavu, Mnanaa na Mnanaha

Waalimu wengi wamepata kuulizwa na wanafunzi wao jina la mmea ulioota kando ya shule, wakajibu upesi, kwa kuwa si rahisi kwa mwalimu kusema mbele ya watoto kwamba hajui. Sisi nasi tumefanya hivyo mara nyingi. Makala haya ni habari ya jibu moja tulilolitoa upesi katika ua wa nyumba huko Magomeni, Dar es Salaam. Jibu letu halikuwa kweli. Na jibu la kweli tulikuwa tumekwisha kuambiwa siku ile ile na mtu aliyelijua, ila masikio yetu hayakulipokea. Twaiandika habari hii kwa ajili ya wale wanaokusanya majina ya mimea katika lugha zetu, na zaidi kwa ajili ya wale wanaopika mboga zilizochumwa bila kupandwa.

Magomeni iko ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Mtu akitoka Kariakoo huifuata Barabara ya Morogoro, akavuka Jangwani, akapanda kidogo, naye amefika. Nyumba za zamani za mtaa huo ni za namna ile ya Kiswahili inayojulikana pwani yote, yaani ukumbi katikati, vyumba kuume na kushoto, na nyuma ua wenye jiko na kamba ya kuanikia nguo. Wenye nyumba ni Wazaramo na watu wengine wa pwani, na pamoja nao wamo Wapare, Wachaga, Wagogo, Wanyamwezi na wengineo wengi waliokuja mjini kwa kazi. Jambo hilo lina maana katika habari yetu. Kila mmoja amekuja na majina ya mimea ya kwao, naye huyatia katika Kiswahili chake bila kujua kwamba ameyatia, na jirani yake huyasikia kama Kiswahili cha siku zote.

Katika ua wetu tulikuwa na tuta moja la mchicha na jingine la matembele. Kabla ya masika tulinunua samadi, tukaichanganya na udongo, tukapanda mbegu za mchicha. Mvua zilipokolea, kati ya mchicha ikaota miche ambayo hatukuipanda, nayo ilipita mchicha kwa kukua. Majani yake yalikuwa mapana, yenye rangi ya kijani iliyoiva, laini kuguswa. Shina lilikuwa nene, lenye maji mengi. Haukuwa na ua wala tunda. Kwa hali hiyo mmea wo wote ni kama mtoto mchanga aliyefungwa nguo gubigubi: unaona kwamba ni mtoto, lakini ni wa nani hujui.

Tukauliza. Dada mmoja wa Kipare, aliyekuwa akifua nguo uani, akatazama mara moja akasema, "Hiyo ni mnafu, tena minono." Mzee mmoja wa Kigogo akasema ni ndulele changa, ikingojewa itatoa miiba. Kijana mmoja akaupiga picha kwa simu yake, yenye programu ya kutambua mimea. Programu ikataja majina matatu ya Kilatini, na la kwanza lilikuwa la mbilingani. Mwisho akapita Bibi wa nyumba ya pili, Mzaramo, mtu wa makamo marefu. Tukamwamkia shikamoo, akaitika, akasimama kizingitini.

"Huo si wa chungu," akasema. "Huo mnanaha."

"Mnanaa, Bibi? Mbona haunukii?"

"Kunuka unanuka," akasema, akaenda zake.

Tukacheka kidogo, kwa heshima, alipokwisha kuondoka. Tulidhani umri umemchanganya Bibi, kwa kuwa mnanaa ni ule wa kutiwa katika chai, wenye majani madogo, na harufu yake hujaza nyumba nzima. Sisi tulikuwa tumekaa miaka mingi bara, tumekula mnavu mwingi, tukaona neno la yule dada ndilo lenye maana. Mnavu, tukasema, na kwa kuwa sisi ni waalimu, neno letu likawa la mwisho. Haukupikwa wiki ile kwa sababu moja tu, ya kwamba mchicha ulikuwa tele.

Siku ya Jumamosi kijana wa shule anayekaa nyumbani mwetu aliambiwa apalilie tuta na kuipunguza ile miche, iliyokuwa ikiusonga mchicha. Aliing'oa kwa mikono mitupu, mashina yakavunjika mikononi mwake, naye kwa sababu ya jua alikuwa akijipangusa jasho usoni. Jioni akasema taa inamuumiza jicho la kuume. Tulipomtazama tukaona ajabu: mboni ya jicho la kushoto ilikuwa ndogo kama ilivyo desturi mbele ya taa, na ile ya kuume ilikuwa imefunguka hata weusi ukakaribia kulijaza jicho. Akipewa kitabu, jicho moja lilisoma, na la pili liliona ukungu.

Mama yake alishikwa na hofu, na majirani waliongeza hofu hiyo. Mmoja alisema ni dalili ya kupooza, mwingine alitaja husuda. Daktari wa zahanati hakusema lo lote katika hayo. Alimulika macho mawili kwa zamu, akauliza kama kijana ametiwa dawa ya macho, tukasema hapana. Akauliza, "Leo amegusa nini?" Tukamwambia habari ya kupalilia mnavu. Akatikisa kichwa akasema mnavu haufanyi hivyo, tukamletee huo mmea.

Hapo ndipo tulipolikumbuka neno la Bibi, na herufi moja tuliyoiangusha.

Mnanaa na mnanaha ni majina mawili ya mimea miwili isiyo na udugu. La kwanza asili yake ni Kiarabu, na wengi husema nanaa tu. La pili ni jina la zamani la pwani. Wengine hutamka mranaha, wengine muranha. Mtu aliyejifunza Kiswahili bara mara nyingi hakupata kulisikia kamwe, wala si ajabu, kwa kuwa ni jina la kitu kisichouzwa, kisichopikwa wala kupandwa. Jina la kitu kinachoepukwa hukaa kwa wazee, na sikio la mgeni likilipata hulipeleka kwenye neno la karibu linalolijua. Bibi alitamka h yake wazi. Ni sisi tuliomfuta.

Mnanaha ni wa jamii moja na mnavu. Mabingwa wa mimea wameiweka jamii hiyo chini ya jina la Kilatini Solanaceae, nayo ni jamii yenye watoto wema na watoto wabaya katika nyumba moja: nyanya, bilingani, pilipili hoho, mbatata, mnavu, mtunguja ambao bara wauita ndulele, tumbaku, na mnanaha. Kwa hiyo yule dada wa Kipare, na mzee wa Kigogo, na programu ya simu, wote walikuwa wamebisha hodi penye nyumba ya haki, ila kila mmoja aliingia chumba kingine. Mtu asiwacheke. Miche ya jamii hii ingali michanga hufanana sana, na mboga za majani huchumwa wakati huo huo wa uchanga.

Tulibakiza shina moja karibu na ukuta, tukalizungushia miti ili watoto wasilifikie, tukangoja lijitambulishe lenyewe. Baada ya majuma machache likatoa ua. Lilitoka peke yake katika panda ya shina, refu kupita kidole cha kati, jeupe, lenye umbo la baragumu. Mchana lilikaa limejikunja kama mwavuli, na jua lilipokuchwa likafunguka, likatoa harufu tamu ambayo hungeitazamia kwa mmea wenye majani ya kunuka vile, na nondo wakaja. Ua la mnavu halina lo lote la hayo. Ni dogo kama ua la pilipili, nyota nyeupe yenye ncha tano na manjano katikati, nayo huning'inia kadha wa kadha kwenye kikonyo kimoja. Tena tunda la mnavu ni tone la maji, dogo kama punje ya njegere, jeusi au la rangi ya chungwa; na tunda la mnanaha ni kibumba kigumu, kiasi cha ndimu, chenye vijiba au miiba pande zote, na ndani yake hamna nyama ila mbegu tupu. Penye ua au tunda hakuna awezaye kukosea. Programu ya yule kijana nayo, ilipoonyeshwa ua, ilitaja jina la haki mara moja.

Lakini mpishi hangoji tunda. Basi zifaazo ni alama za majani. Jani la mnanaha likivunjwa vidoleni hutoa harufu nzito ya kuchukiza, ambayo hukaa mkononi hata baada ya kunawa. Jani la mnavu hunuka kama mboga mbichi ilivyo. Mahali jani la mnanaha linapoungana na kikonyo, pande zake mbili hazilingani, upande mmoja hushuka chini kupita mwenzake. Na kwa habari ya mnanaa wa chai, mtu hahitaji hata pua. Shina la mnanaa lina pembe nne, na majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana. Shina la mnanaha ni la mviringo. Mtoto aweza kuzijua alama hizo gizani kwa vidole vyake, ingawa kwa mnanaha hatumshauri mtu kuutumia mkono mtupu, maana tumeona yaliyompata kijana wetu.

Tulichukua tawi moja katika mfuko, tukashuka nalo Kariakoo. Huko wako wauzaji wa mboga waliozijua mboga za mikoa yote, kwa kuwa wanunuzi wao ni wa mikoa yote. Mama mmoja aliyekuwa na mafungu ya mnavu mbele yake alilipokea tawi letu, wala hakulitazama sana. Alivunja ncha ya jani moja, akaipeleka puani, akaitupa, akapangusa vidole kwa kipande cha gunia, kisha akatuuliza kama tuna ugomvi na mtu. Yeye jina hakulijua. Kwao, alisema, hauna jina, ni gugu tu. Mfanya biashara mmoja wa asili ya Kihindi, aliyekuwa akinunua nyanya, akasema papo hapo, "Dhatura." Katika Bara Hindi maua na matunda ya mmea huu hutolewa katika ibada ya Shiva, na jina hilo la Kihindi ndilo lililofanywa kuwa la Kilatini, Datura, analolitumia Linnaeus katika kitabu chake cha mwaka 1753. Mabingwa wa siku hizi wanaona kwamba asili ya mimea hii yote ni Amerika; hata hivyo imeenea katika nchi zote za joto, nayo hupenda mahali palipotibuliwa na binadamu: majaani, mazizi, kando ya njia, na mashamba yenye samadi. Kwa hiyo hatukuwa na haja ya kuuliza tena ulifikaje uani mwetu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya namna mbili za mnanaha, kwa kuwa mwalimu wa pwani na mwalimu wa nyanda za juu wakisoma maelezo yetu huenda wakabishana, na wote wawili wana haki. Ule uliotuotea Magomeni ni Datura metel. Majani yake yana ukingo karibu kuwa mzima, au wenye mabonde machache tu. Tunda lake huinama, lina vijiba vifupi, na likikauka hupasuka ovyo. Mwingine ni Datura stramonium, ambao huonekana sana katika mashamba ya bara. Majani yake yana meno makubwa yasiyolingana, ua lake ni fupi zaidi, na tunda husimama wima, lina miiba mirefu yenye kuchoma, nalo hupasuka vipande vinne sawasawa. Kiswahili huviita vyote viwili mnanaha. Kadhalika chini ya jina moja la mnavu mna namna kadha wa kadha ambazo mabingwa huzitenga, kama Solanum scabrum wenye kulimwa, Solanum villosum wenye matunda ya rangi ya chungwa, na Solanum americanum. Wengine huona hayo kuwa upungufu wa lugha. Sisi hatuoni hivyo. Majina haya yalitolewa na watu wenye chungu jikoni, na waliweka mpaka mahali ambapo mpaka ulihitajiwa: minavu yote huliwa majani yaliyopikwa, na minanaha yote huachwa.

Mnavu wenyewe una majina mengi, na ni majina yanayosafiri. Katika masoko ya Kilimanjaro wasema mnafu. Wakikuyu wasema managu, Wakisii rinagu, na Wajaluo osuga. Msomaji ataona mara moja kwamba matatu ya kwanza yana sauti za karibu, na kwamba la nne, la watu wasio wa lugha za Kibantu, limejitenga. Ajabu ni kwamba vitabu vingi vya Ulaya viliuandika mnavu huu huu kuwa mmea wa sumu, na Wazungu kadha wa kadha waliofika nchi hizi waliwaonya watu wasile mboga waliyoilia tangu utoto. Katika jambo hilo kuna chembe ya kweli, maana matunda mabichi ya mnavu, yangali ya kijani, yaweza kudhuru. Lakini majani yaliyopikwa vema ni chakula cha mamilioni ya watu. Basi kitabu kilimkataza mpishi mboga njema kwa sababu ya jina la jamii yake, na sisi kwa jina la mboga njema tulikuwa karibu kumpa mpishi sumu. Kosa ni moja, limetazama pande mbili.

Na sumu ya mnanaha si ya kufanyia mzaha. Imo katika mmea mzima, na zaidi katika mbegu. Mabingwa wa dawa waziita nguvu zake atropini, hiosiamini na skopolamini. Mtu akiila, mara nyingi kabla ya saa moja kupita kinywa hukauka, ngozi huwa nyekundu na moto bila jasho, moyo hupiga mbio, mboni za macho hufunguka, mkojo hukataa kutoka. Kisha akili hupotea, husema na watu wasiokuwapo, hunyoosha mkono kushika vitu visivyoonekana. Hali hiyo yaweza kudumu siku moja au mbili, na waliokula nyingi hufa. Wasiojua hudhani ni wazimu au pepo, na mgonjwa hupelekwa kunakopigwa ngoma wakati ambapo angepelekwa hospitali. Anayemshuku mtu kuwa amekula mnanaha ampeleke upesi, wala asimkawize kwa dawa za nyumbani, naye achukue tawi la mmea wenyewe mkononi, kama daktari alivyotuagiza sisi. Maana tawi hilo litasema jina lake hata kama mwenye kulileta hawezi.

Katika hospitali ya Usangi, Upareni, watu waliletwa kwa wingi baada ya sumu ya mnanaha kuingia katika chakula, na habari yao iliandikwa katika jarida la uganga mwaka 1991. Huko Karamoja, Uganda, mwezi wa Machi na wa Aprili 2019, watu wapatao 300 waliugua baada ya kula unga wa msaada uliokuwa na sumu hiyo hiyo, na watano walikufa. Njia ya sumu kuingia katika nafaka ni nyepesi. Mnanaha huota kati ya mimea ya shamba, huiva pamoja nayo, na mbegu zake huvunwa, hupurwa na kusagwa pamoja na punje njema.

Msomaji atakuwa amekwisha kukumbuka chungu cha wanafunzi wa manabii katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, siku za njaa huko Gilgali. Yule aliyetoka kondeni kuchuma hakuwa mtu mwovu wala mvivu. Alichuma kwa wingi, akakatakata, akatia chunguni, na sababu inayotajwa ni moja tu, kwamba mmea haukujulikana.

Turudi kwa wale wanaokusanya majina. Wako waliotutangulia katika kazi hiyo, na walifanya vema kupita sisi. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa mwaka 1939, alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, hata jina lake limetiwa katika jina la Kilatini la mimea fulani, Sacleuxia. Na kamusi yake imejaa majina ya mimea yenye Kilatini chake kando. Bwana P. J. Greenway, aliyekuwa Amani katika milima ya Usambara, alitoa kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili mwaka 1937. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika ya Mashariki kilianza kutolewa mwaka 1952, sehemu baada ya sehemu, kikamalizika mwaka 2012. Na jamii ya mnavu na mnanaha ilikuwa miongoni mwa zile zilizochapwa mwaka huo wa mwisho. Nguvu ya kazi zao ilikuwa katika mmea uliokaushwa. Jina lililoandikwa bila mmea ni sauti tu, na tumeona jinsi sauti inavyopungukiwa na herufi njiani.

Kukausha mmea si kazi ngumu. Chukua tawi lenye majani, ua na tunda, likiwa halina maji ya mvua. Litandaze kati ya kurasa za gazeti, geuza jani moja ili mgongo wake uonekane. Weka mawe juu, na ubadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Kisha andika kwenye karatasi yale ambayo mmea mkavu hauwezi kuyasema: mahali, tarehe, urefu, rangi ya ua, harufu, na kama uliota wenyewe au ulipandwa. Kwa mmea kama mnanaha vaa mifuko mikononi, na unawe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria, yaani nyumba ya mimea iliyokaushwa, na Hebaria ya Taifa iko Arusha. Mwenye tawi lililokaushwa vema, lenye maandishi yake, amewapunguzia mabingwa nusu ya kazi.

Kwa habari ya jina, tumejifunza kuandika mambo matatu ambayo zamani hatukuyaandika: aliyelitaja ni nani kwa kabila na kwao, alikuwa akiutazama mmea wenyewe au alisimuliwa tu, na alilirudia neno mara ngapi mbele yetu. Tena tumebadili utaratibu wa kuuliza. Zamani tulianza na jina. Sasa twaanza na kuuliza, "Hufanywa nini?" Jibu la swali hilo halipotei masikioni. Mmoja atasema huenda chunguni, mwingine atasema hutiwa chai, mwingine atasema huachwa. Bibi alituambia kwanza kabisa kwamba si wa chungu, kabla hajataja jina; sisi tuliliruka lile lililokuwa wazi, tukalidaka lile tulilolisikia nusu.

Jicho la kijana lilirudi hali yake siku ya tano. Daktari alitueleza kwamba waganga wa macho hutumia makusudi tone la atropini ile ile kuifungua mboni, wapate kutazama ndani. Nasi tulisikia pia kwa wazee kwamba majani makavu ya mnanaha yalivutwa moshi na wenye pumu, na hata Ulaya sigara za namna hiyo ziliuzwa zamani. Hatuandiki hayo ili mtu ajaribu. Kati ya kiasi cha kuponya na kiasi cha kudhuru pana nafasi ndogo, na majani ya mmea mmoja hayalingani nguvu na ya mwingine.

Tulipokwisha kupata ua na tunda la kukausha, tuling'oa lile shina la ukutani kwa mikono iliyofungwa mifuko, tukalichimbia shimo mbali na matuta. Tulikwenda pia kumwomba Bibi radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nanyi mlidhani nawaletea chai." Masika ya mwaka uliofuata miche mitatu iliota tena pale pale kando ya ukuta, kwa kuwa mbegu za mnanaha zaweza kulala udongoni miaka mingi, na Bibi ndiye aliyeiona kwanza akatuita.